Buluu ya Makaburi ya Kunduchi

Wasomaji wetu wakaao bara huenda hawajapata kuona makaburi ya kale ya pwani, nao wayaonao kila siku hupita bila kugeuza shingo. Basi tumeona vema kuandika habari za Kunduchi, mahali palipo kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 20 hivi, karibu na bahari. Huko iko mibuyu mikubwa, na magofu ya msikiti wa kale, na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine yamesimamishiwa nguzo ndefu. Mengi ni ya karne ya 18.

Mgeni afikapo huona kwanza mashimo. Katika nguzo na kuta ziko nafasi za mviringo, na wajenzi walipachika humo sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina, chokaa ingali mbichi. Watu wamezibandua. Tulitia kiganja katika shimo moja, tukaona alama ya kitako cha chombo imebaki katika chokaa kama muhuri. Katika jingine palikuwa na kigae kidogo tu, kipana kama ukucha wa kidole gumba, na juu yake mstari mmoja wa buluu. Jua na mvua vimeupiga miaka yote hiyo, chumvi imekula chokaa pembeni, lakini mstari haukufifia hata kidogo.

Rangi hiyo yatoka katika madini yaitwayo kobalti. Oksidi yake ni unga mweusi kama masizi, wala aushikaye hawezi kudhani kwamba mna buluu ndani yake. Mfinyanzi wa Jingdezhen, mji wa Uchina uliotoa vyombo vingi vya namna hii tangu karne ya 14, aliukoroga kwa maji, akachora maua yake juu ya chombo kilichokauka lakini hakijachomwa. Udongo mbichi hunywa maji mara moja, kwa hiyo kufuta ni shida. Kisha alikifunika chombo kwa uji wa mawe yaliyosagwa, akakitia tanurini, moto ukapanda hata kukaribia digrii 1,300. Hapo uji huyeyuka ukawa kioo, na kobalti huyeyuka ndani ya kioo, ndipo weusi unapogeuka buluu. Mchoraji huchora kwa rangi moja akitazamia nyingine, na katikati hana la kufanya ila kungoja tanuri lipoe. Nayo buluu, kwa kuwa imefungwa chini ya kioo, jua na mvua haviifikii.

Tena ni rangi yenye nguvu mno. Katika sehemu 100 za uji ule, nusu ya sehemu moja yatosha kuleta buluu nzuri. Sehemu nzima huifanya nzito, na mwenye mkono mwingi hupata giza. Akina mama wafinyanzi wakituuliza kama yafaa kwa vyungu vyetu, twajibu kwamba haifai: chungu chetu hakina utando wa kioo, na juu ya udongo mwekundu mtupu unga ule hauna mahali pa kuyeyukia. Na mwalimu apendaye kuujaribu ajue kwamba ukivutwa puani hudhuru mapafu; afunike pua na mdomo, wala asiufagie ukiwa mkavu.

Ajabu nyingine ni kwamba buluu ya vyombo vya kwanza haikuwa ya Uchina. Ililetwa kutoka Uajemi, ambako kobalti ilichimbwa milimani karibu na mji wa Kashan. Ile ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi, na ilipopakwa nene ilitokeza madoa meusi. Ile ya Uchina ina manganizi nyingi, na isiposafishwa vema huelekea kijivu. Hivyo wataalamu wakipima kigae huweza kutambua kobalti yake ni ya namna gani. (Jina kobalti lenyewe ni la wachimba migodi wa Ujerumani, walioona mawe hayo yakitoa moshi wa sumu badala ya fedha, wakayaita kwa jina la pepo. Siku hizi sehemu kubwa yachimbwa Kongo, pande za Kolwezi, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi, na nyingi huishia katika betri.)

Kwa sababu hiyo kigae si takataka. Huko Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vya kaure vilisaidia kujua nyumba zilikaliwa lini. Na kaburi lisilo na maandishi, kama sahani ilipachikwa lilipojengwa, haliwezi kuwa la kale kuliko sahani yake. Aibanduaye akaiuza huharibu vitu viwili: sahani hupotewa na kwao, na kaburi hupotewa na umri wake. Twasema wazi kwamba huo ni wizi, na aliyeibiwa hawezi kushitaki. Katika nguzo za Kunduchi mengi yasomekayo sasa ni upana wa kitako tu, na zaidi ya hapo hapana.