Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Faili Lisilosomeka

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa mpwa wangu mpenzi aliyeko Nakasero, Kampala,

Waraka wako umewasili, nami nimefahamu kuwa waajiri wako wamekukabidhi seva yao, na kwamba skripti zako umeziandika kwa PHP, lugha aliyoidhihirisha Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Wasema skripti iliposhindwa kusoma faili ilitoa onyo, nawe ukalinyamazisha kwa alama ya @. Hilo, mwanangu, silikubali hata kidogo.

Onyo lile ndilo linalokubainishia sababu: ama faili halipo, ama lipo lakini ruhusa imezuiliwa. Aghalabu faili lililosomeka kwenye Windows ya nyumbani hukosekana kwenye Linux ya seva, kwa kuwa Linux hupambanua herufi kubwa na ndogo, au kwa kuwa njia yake hukuianzisha kwa __DIR__. Na ikiwa dosari ni ya ruhusa, usikimbilie 777, inayomhalalishia kila mtumiaji wa mashine kuandika apendavyo. Mtazame mtumiaji www-data, ambaye katika Ubuntu ndiye mwenye kuendesha seva ya wavuti, umpe haki ya kusoma, basi.

Tena hamali unayemtuma ghalani katika soko la hapo Nakasero akirudi mikono mitupu, sharti umuulize kama ghala lilikuwa tupu au limefungwa. Kadhalika file_get_contents hurudisha matini tupu faili likiwa halina kitu, na hurudisha false ikishindwa kulifungua. Na kwa kuwa PHP, ukiipima kwa ulegevu, huyahesabu mawili hayo kuwa sawa, pima daima kwa alama tatu za usawa. (Hata faili lenye sifuri peke yake litakuhadaa.)

Ama mgeni wa tovuti, hana haja ya kujua mafaili yako yamekaa wapi, na akiwa mtu wa hila, habari hiyo ni silaha mkononi mwake. Nanyi huko mna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayomlazimu mwenye kuhifadhi habari za watu azilinde. Basi zima display_errors, washa log_errors, umpe mgeni maneno machache ya adabu pamoja na namba 500, si 200 ya kumdanganya kuwa mambo ni salama.

Nakusihi uziondoe hizo @ zote, usome logi ya seva kila asubuhi kabla ya kazi nyingine, na litakalokutatiza uniandikie bila ya haya.

Wasalaam,
Mjomba wako