Pumzi ya Bi Harusi Baharini



Hapa Kilwa Masoko wengi wetu wanawake bahari tunaijua kwa miguu. Maji yakitoka tunashuka kutafuta pweza na chaza, yakijaa tunarudi nyumbani. Basi mchumba wangu aliposema fungate yetu itakuwa Mafia, na kwamba angependa tuzamie pamoja kwa mitungi ya hewa, nilikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Mama naye akaniuliza, "Mwanangu, huko chini utabana pumzi mpaka lini?"

Jibu nililipata kwa mwalimu wa kuzamia: hubani kabisa. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukivuta hewa pale kisha ukapanda umeziba koo, hewa ile hutanuka hadi mara mbili, na mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo unavuta na kutoa bila kusita, tena polepole, kwa sababu kina hicho kila pumzi hula hewa ya mtungi maradufu.

Nilikuwa na wiki sita. Kila siku baada ya Alfajiri nililala chali kwenye mkeka, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Nilivuta kwa pua nikihesabu nne, tumbo lipande na kifua kitulie, kisha nikatoa nikihesabu nane. Dakika tano zilitosha. Baadaye nikaanza kubana pua na kupumua kwa mdomo tu, maana miwani ya kuzamia hufunika pua pia.

Kilichonisaidia zaidi ni tajwidi. Aliyezoea kuvuta madi ya harakati sita mwishoni mwa Suratul Fatiha, na kusubiri mahali pa kusimama ndipo avute pumzi, tayari anajua kutoa hewa kidogo kidogo. Dada zangu, chuoni tulifundishwa zaidi ya tulivyodhani.

Wiki ya tano shangazi alinisindikiza ufukwe wa Jimbizi. Nilivaa vazi la kuogelea la kusitiri mwili mzima. Maji yakiwa kiunoni, niliinamisha uso na kutoa mapovu taratibu. Hofu ilikuja; kila pumzi ndefu ya kutoka iliipunguza.

Mnaojiandaa kuolewa, shikeni haya. Ulizeni mapema kama yupo mwalimu wa kike, kwani mwalimu hukufunga mtungi na kukushika mkono. Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Ukichelewa siku zako, usizamie, mjamzito haruhusiwi. Ukiwa na mafua, ahirisha, masikio yataumia. Usihemeharaka haraka ili ukae chini bila kupumua, unaweza kuzimia majini. Na usifanye zoezi la majini peke yako.

Mafia tulishuka mita tisa. Mume wangu alikuwa upande wa kulia, mwalimu wetu wa kike kushoto. Samaki wadogo wa manjano walipita mbele ya miwani yangu, nami sikusikia kitu ila pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nikasema moyoni, Alhamdulillah, hata hii moja si yangu, nimepewa.