Si Sumu ya Jirani



Mwaka 2018, katika shirika letu hapa Goma, tumbo la ndugu mmoja lilianza kuvimba. Hakuumwa sana, bali alikonda. Watu walinong'ona kwamba amelishwa sumu, wakamtaja mama mzee mmoja, jirani yake. Sisi tuliosomea dini tuliyasikia maneno hayo, tukanyamaza. Tulikwenda kusali rozari nyumbani kwake, hospitalini hatukumpeleka. Miezi minane ikapita.

Mwishowe madaktari walimpima, wakaona kansa ya nyama laini, iitwayo sarkoma, nayo ilikuwa imekwisha kuenea katika ini. Daktari alitueleza kwa saburi. Kansa hiyo ikianzia mguuni au mkononi, mara nyingi huenda mapafuni. Ikianzia matumboni, mara nyingi huenda katika ini, kwa sababu damu itokayo matumboni hupita huko kwanza.

Tukauliza: Je, ini haliwezi kukatwa? Laweza. Mwenyezi Mungu ameliumba kwa ajabu: ini lenye afya likikatwa hata theluthi mbili, sehemu iliyobaki hukua tena kwa majuma na miezi. Lakini mpasuaji hukubali tu kama vinundu vya kansa ni vichache, kama uvimbe wa kwanza waweza kuondolewa wote, na kama ini lenye afya litabaki la kutosha. Kwa aina moja ianziayo katika ukuta wa tumbo au utumbo, viko pia vidonge vya imatinibu. Ya ndugu yetu haikuwa aina hiyo, na vinundu vyake vilikuwa vingi mno. Kisu kilikuwa kimechelewa.

Kabla ya kufa aliomba yule mama aitwe. Akaja, akamshika mkono. "Mama, unisamehe," akasema. Mama akalia. Nasi tuliinamisha vichwa, maana kosa lilikuwa letu pia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Basi, ndugu, uvimbe ukionekana, hata usioumiza, tumwite padri na tumtafute daktari bila kukawia. Na neno "sumu" likinong'onwa, tusinyamaze tena. Neno hilo humchelewesha mgonjwa, na humwua jirani akiwa hai.