Akihama Mchezaji

Mgeni afikapo Baraka siku ya Jumapili alasiri hustaajabu kuona vijana wengine wamevaa jezi nyekundu na wengine za kijani na manjano, nao hawajapata kukanyaga Dar es Salaam. Hao ni watu wa Simba na Yanga. Sababu yake si ngumu kueleza. Kwetu Ziwa Tanganyika ni njia kuliko kuwa mpaka. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka kwenda Kigoma wakikimbia vita, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu. Na tangu mwaka 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Walirudi na watoto waliozaliwa huko, na Kiswahili cha huko, na mapenzi ya mpira ya huko.

Kwa hiyo Julai 2024, ilipotangazwa kwamba Clatous Chama, yule fundi wa Zambia, ametoka Simba na kuingia Yanga, palikuwa na msiba katika nyumba nyingine na harusi katika nyumba za jirani. Chama alikuja Simba mwaka 2018. Aliisaidia kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, akaenda Morocco mwaka 2021, akarudi mwanzoni mwa mwaka 2022 na kupokewa kwa vigelegele. Kisha mkataba wake ulipokwisha, akaenda kwa mahasimu. Nilisikia matusi nisiyoweza kuyaandika katika gazeti lisomwalo na watoto. Jina la Yuda lilitajwa wiki ile kuliko nilivyopata kulisikia Ijumaa Kuu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na jezi nyekundu yenye jina la Chama mgongoni. Aliiweka juu ya mafiga, akaanza kutafuta kiberiti. Mama yake, aliyekuwa nje akianika ndagala, alipoona jambo lile alimpokonya, akasema: “Mwanangu, jezi hii niliinunua mimi kwa ndagala zangu. Huyo Chama hakunipa hata franka moja. Wataka kuchoma jasho la nani?” Mtoto hakuwa na jibu. Tangu siku ile huivaa akienda kuchota maji, na jina limefunikwa kwa kiraka cha kitenge. Nilicheka nilipokiona kiraka hicho, lakini swali la mama yule sikulisahau.

Maana wapo waliochoma kweli. Haruna Niyonzima wa Rwanda alicheza Yanga tangu mwaka 2011. Mwaka 2017 alipohamia Simba, baadhi ya mashabiki wa Yanga waliichoma moto jezi yake, kana kwamba miaka sita ile haikuwapo. Lakini mwaka 2020 akarudi Yanga, na mwaka 2021 klabu hiyo hiyo ikamwaga kwa heshima. Sijui waliowasha moto ule walikaa wapi uwanjani siku hiyo. Wala tusidhani kuwa ni ushamba wa Waafrika. Luís Figo alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, ilipita miaka miwili na zaidi, na bado alipokwenda Barcelona kucheza alitupiwa kichwa cha nguruwe.

Hasira hii ina asili yake, wala siidharau. Mtu aamkaye usiku kuvua, au kupanda milima ya Fizi na mzigo wa mihogo kichwani, hana vitu vingi vya kujivunia. Timu ikishinda, naye ameshinda. Basi humwita mchezaji “mtoto wetu”, na neno hilo “wetu” ndilo lenye matata. Fiston Mayele, mwana wa nchi yetu, alitoka Vita Club ya Kinshasa mwaka 2021 akaenda Yanga. Je, huku Baraka tuliwaonea huruma watu wa Vita? Thubutu! Tulicheza ngoma. Alipofunga mabao 17 katika ligi ya mwaka 2022/23 tulisema ni wetu mara mbili. Mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri, na hapo wale wale waliokuwa wamecheza ngoma wakaanza kusema kwamba fedha imemharibu. Tendo lilikuwa moja. Kilichobadilika ni mahali tuliposimama sisi.

Liko jambo moja ambalo mchezaji anadaiwa kwa haki, nalo ni ahadi aliyoitia sahihi. Feisal Salum wa Zanzibar alipotaka kuiacha Yanga mwishoni mwa mwaka 2022, mkataba wake ulikuwa haujaisha. Shauri lilifika katika Shirikisho la Mpira la Tanzania, likaamuliwa kwamba yu mchezaji wa Yanga bado, mpaka walipopatana mwaka 2023 naye akaenda Azam. Hapo walionung'unika walikuwa na neno la kusema. Lakini Chama alimaliza mkataba wake. Akisha kumaliza, anadaiwa nini tena?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu mambo haya hayaishii redioni. Katika mtaa mmoja ambao sitautaja, alikuwako kijana mshambuliaji, kifungua mimba wa mjane. Ekipe ya mtaa wa pili ikaahidi kumlipia minervali hadi amalize shule. Timu yake ilikuwa haimpi ila soda baada ya mchezo. Akahama. Basi hasira ya watu ikamwendea mama yake, aliyeuza unga wa muhogo kando ya njia. Wateja wakampita bila salamu. Mdogo wa kijana akapigwa kisimani. Unga ukakaa siku nyingi mpaka ukaingia wadudu, na mama yule alikuwa na watoto wengine wanne wa kulisha. Mimi najua hesabu ya unga ule, kwa kuwa nilimwandikia katika daftari.

Na timu iliyojiona imesalitiwa, miaka michache nyuma ilikuwa na kapiteni aliyevunjika mguu uwanjani. Msimu uliofuata alikuwa amekwisha kupata mrithi, na hakuna kiongozi aliyekwenda kumjulia hali. Siku ile sikuona mtu yeyote akichoma bendera ya timu.

Mzee mmoja aliyekaa Nyarugusu miaka kumi aliwaambia vijana: “Sisi tulihama, na watu wa Kigoma hawakutuuliza kwa nini tumeiacha Fizi.” Wakamjibu kwamba kukimbia vita si sawa na kufuata mshahara. Ni kweli, si sawa. Mzee akawauliza ni nani kati yao atakayemlipia kijana minervali ya muhula huo, wakaanza kuzungumza habari nyingine.

Kijana alimaliza shule, akapata diploma ya Serikali. Mama yake alihamisha meza yake hadi soko la mtaa wa pili, na mpaka leo yuko huko. Unga wake ni mweupe sana, hauna mchanga. Siku ya soko utawaona wanawake wa mtaa wake wa zamani wakipanga mstari mbele yake na vikapu, na yeye huwapimia sawasawa na wengine.