Kikulacho ki Nguoni

Wahenga waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, yamkini walikuwa wakiwafikiria chawa. Hawakuwahi kuiona mashine ya kuoshea vyombo. Lau wangaliiona, wangalipata humo mfano mwingine wa kuifafanulia methali yao. Ndani ya mashine hiyo mna vichanja vya waya, kimoja juu na kingine chini, ambamo sahani, vikombe na bilauri hupangwa. Waya huo ni wa chuma, nao umevishwa plastiki kote ili maji yasiuguse. Siku plastiki inapochanika, hata kwa upenyo wa tundu la sindano, maji ya moto hupenya, hewa ikafuata, na kutu ikaanza kazi yake. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huisukuma plastiki kwa ndani, ikaibambua na kuyafungulia njia maji mengine. Hivyo basi, vazi lililokusudiwa kukilinda chuma hugeuka kuwa maficho ya adui yake. Mtazamaji huona weupe wa plastiki, kumbe ndani chuma kinaliwa.

Kichanja si kiungo cha kupuuzwa katika mashine hiyo. Mmarekani Joel Houghton alikuwa amepewa hataza ya mashine ya mbao ya kuoshea vyombo mnamo mwaka wa 1850, lakini haikufaa sana. Josephine Cochrane, aliyeishi Shelbyville katika jimbo la Illinois, alianza kwa kuvipima vyombo vyenyewe. Alitengeneza vijumba vya waya vilivyolingana na ukubwa wa sahani, vikombe na visahani, akavipanga katika gurudumu lililolazwa ndani ya chombo kikubwa cha shaba, kisha maji ya moto yenye sabuni yakavirukia. Alipewa hataza yake tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka wa 1893 mashine zake zikaonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia jijini Chicago. Mumewe alikuwa amefariki mwaka wa 1883 na kumwachia madeni. Kwa hiyo uvumbuzi huo haukuwa mchezo wa kupitisha wakati, bali tegemeo la mjane.

Wazo la kichanja si geni katika Afrika Mashariki. Katika maboma mengi ya mashambani nchini Kenya, pana kichanja cha miti nje ya jikoni, ambapo vyombo vilivyooshwa huanikwa ili jua livikaushe na mifugo isivifikie. Maafisa wa afya wamekihimiza kwa miaka mingi. Tofauti iliyopo ni kwamba mti huoza waziwazi na mwenye boma akautambua, ilhali waya uliovishwa plastiki huoza kwa siri.

Kichanja kinachosimuliwa hapa kilikuwa katika nyumba ya familia moja ya Wakenya huko Minnesota, Marekani. Mama wa nyumba hiyo ni muuguzi wa zamu za usiku. Babake, fundi mstaafu wa jua kali, alikuwa amewasili kutoka Majengo, Nairobi, kwa ziara ya miezi mitatu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mzee huyo alikuwa amefua masanduku ya bati na majiko ya makaa kule Kamukunji, mahali ambapo milio ya nyundo haikomi mchana kutwa. Huku ugenini hakuruhusiwa kugusa chochote. "Pumzika, Baba," bintiye alimwambia kila asubuhi arudipo kazini. Yapo maneno machache yanayomchosha mtu aliyezoea kazi kuliko hayo. Mzee aliketi dirishani akiitazama theluji na kumsubiri mjukuu wake atoke shuleni.

Naye mjukuu, mvulana wa miaka tisa, alikuwa na "Shikamoo, Babu" ya kumpa, kisha mazungumzo yakakatika. Kwa miaka mingi salamu hiyo ilikuwa ikimfikia mzee kwa simu, naye aliitikia "Marahaba" kwa moyo mkunjufu, akiamini kuwa mtoto anakijua Kiswahili. Walipoketi ana kwa ana, ilidhihirika kwamba chini ya salamu hapakuwa na lugha. Babu hakusema lolote juu ya jambo hilo. Bintiye pia hakusema lolote, ingawa alilijua kitambo.

Asubuhi moja mzee aliona vidoa vya rangi ya kahawia kwenye sahani nyeupe. Alikivuta kichanja cha chini, akakipeleka penye mwanga. Baadhi ya sehemu zake zilikuwa zimepakwa rangi ya kawaida ya nyumba, nayo ilikuwa imevimba na kumenyeka kama ngozi iliyoungua. Bintiye alieleza kwamba ni yeye aliyeipaka miezi michache awali. Kichanja kipya kingegharimu fedha ambazo tayari zilikuwa na kazi yake, yaani karo ya mdogo wake aliyekuwa chuoni Nairobi. Sasa alikuwa ameamua kukitupa na kukopa. Mzee alikigeuzageuza kile kichanja, akatabasamu kidogo.

"Binti yangu," akasema, "uliivisha kutu nguo mpya. Nipe hadi Jumamosi."

Kazi ilifanyika kwenye gereji, juu ya magazeti yaliyotandazwa, na mjukuu akaitwa awe msaidizi. Kwanza kichanja kilioshwa na kukaushwa. Kisha mzee akachukua kisu kidogo na kuanza kuikata plastiki iliyolegea. Mtoto alishtuka, kwani alidhani wamekuja kuziba matundu, si kuyapanua. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima. Fundi hukata hadi afikie mahali ambapo plastiki bado imeshikamana na chuma, hata ikiwa jeraha litaonekana kubwa mara tatu kuliko lilivyokuwa. Baada ya hapo, kila sehemu iliyo wazi ilisuguliwa kwa msasa hadi waya ukang'aa, ikapanguswa kwa spiriti ili kuondoa vumbi na mafuta, kisha ikaachwa ikauke kabisa. Unyevu ukifungiwa chini ya rangi huwa umefungiwa pamoja na kutu.

Rangi iliyotumika ni ile maalumu inayouzwa kwa ajili ya vichanja vya namna hiyo, ambayo huweza kustahimili maji ya moto na sabuni kali. Rangi ya kawaida haina ustahimilivu huo. Hubambuka na kuangukia vyombo vya kulia. Walipaka tabaka la kwanza, wakasubiri likauke, wakaongeza la pili na la tatu. Ncha za waya zilivishwa vifuniko vidogo vya mpira. Vipande viwili vilikuwa vimeliwa hata vikakatika. Mzee hakujidanganya kwamba vingefufuka, bali alivikata kwa koleo na kuziba visiki vyake. Kichanja kiliachwa siku nzima ya Jumapili kabla ya kurudishwa mashinani.

Katika saa hizo mtoto aliuliza majina ya vitu, na babu akayatoa moja baada ya jingine: kutu, msasa, koleo, kusugua, kubambua. Vile vijiti vya waya vinavyosimamisha sahani havikuwa na jina ambalo mzee aliwahi kulisikia. Alivitazama kidogo, akaviita meno, kama vile uma ulivyo na meno na kitana kilivyo na meno. Mtoto alicheka, kisha akaanza kuyahesabu: jino moja, meno mawili. Alipokosea upatanisho, babu alimrekebisha papo hapo, naye akarudia sentensi bila kuona haya, kwa sababu mikono yake ilikuwa na shughuli. Kufikia jioni alikuwa ameagiza kwa Kiswahili, bila kuambiwa, "Babu, nipe msasa." Mama yake, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, alisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa na nafasi.

Pana methali nyingine ambayo hutajwa haraka mambo ya namna hii yanapozungumzwa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila haisemi ufa unazibwaje. Ufa uliozibwa juu juu huendelea kupanuka chini ya lipu. Wazazi wengi, walio ughaibuni na hata walio Nairobi, huridhika na salamu za Kiswahili vinywani mwa watoto wao, na salamu hizo hufanya kazi ile ile ya rangi ya nyumba. Vivyo hivyo, si nadra kumkuta mwanafunzi wa Kiswahili aliyekariri methali mia moja lakini akashindwa kutaja vifaa vilivyo jikoni kwao. Dawa yake si kumpaka methali ya mia na moja. Budi mapengo yafunguliwe, yatazamwe bila kuoneana haya, ndipo lugha itiwe pale inapohitajika, yaani katika kazi inayofanywa pamoja na mtu anayeijua.

Kichanja kile hakikuwa kipya. Kilipungukiwa meno mawili, na viraka vyake havikulingana kwa rangi na plastiki ya awali. Haikosi siku moja kutu itapata upenyo mwingine, na kazi ianze upya. Hata hivyo, ile karo ililipwa kwa wakati, na sahani zikatoka bila madoa. Mzee aliporejea Majengo, alimwachia mjukuu kipande cha msasa kilichobaki. Sasa simu zao hupita ile salamu. Mtoto hukosea ngeli mara kwa mara, na babu humrekebisha.