Kilio Kinachomwelekea Mungu



Katika matanga yetu hapa Likasi imezoeleka kwamba mfiwa akipaza sauti na kumwuliza Mungu “Mbona?”, wakubwa humnyamazisha upesi, asije akakufuru. Nia yao ni njema, lakini desturi hiyo haikutoka katika Maandiko Matakatifu. Waebrania walikiita kitabu cha Zaburi “Sifa”, na hata hivyo fungu lililo kubwa kuliko yote humo ni la maombolezo. Kitabu cha Maombolezo nacho walikipa jina la neno lake la kwanza, Eikha, yaani “Jinsi gani!”: mshangao wa watu waliouona Yerusalemu ukiteketezwa na Wababeli mnamo mwaka 587 kabla ya Kristo. Na katika habari za Ayubu, walioambiwa mwishoni kwamba hawakunena ipasavyo juu ya Mungu ni wale rafiki waliomtetea Mungu, wala si yule aliyelalamika.

Zaburi ya 88 hunifikirisha kuliko nyingine. Zilizo nyingi huanza kwa machozi na kugeuka kuwa shukrani; hii yaishia gizani. Kanisa halikuionea haya: limeiweka katika sala ya kabla ya kulala, siku ya Ijumaa. Ukiacha mwito wake wa kwanza, sioni humo neno la faraja. Tumaini lake lote ni kwamba mtu yule, usiku na mchana, bado anasema na Mungu. Aliyekata tamaa kabisa halalamiki. Hunyamaza, au huenda kwa mganga.

Jambo hili sikufundishwa nilipokuwa nikisomea ualimu. Nililiona stesheni. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika jimbo letu, maelfu kwa maelfu walikusanyika penye stesheni ya Likasi wakingojea gari la moshi la kuwapeleka Mwene-Ditu na mbele zaidi. Wengi walikuwa wazaliwa wa hapa. Baba na babu zao walikuja kufanya kazi migodini, viwandani na relini. Walingoja majuma, wengine miezi, na watoto wakafa kwa maradhi. Nilikuwa kijana. Usiku akina mama waliomboleza kwa Kiluba. Sikuelewa yote, ila jina la Mvidi Mukulu nililisikia kila mara. Walimwita kwa namna mtu anavyogonga mlango wa jirani akijua kwamba yumo ndani. Asubuhi mama walewale walisali rozari.

Hapa pana neno gumu. Zaburi ya 137, ile ya mito ya Babeli, kabla ya kumalizika yawataja Waedomu, ndugu wa damu wa Israeli, waliofurahi Yerusalemu ulipobomolewa. Mistari hiyo, pamoja na ule mkali wa mwisho, imeachwa katika Masifu ya Vipindi, na sababu yake yaeleweka. Lakini sisi tuliobaki Likasi, ambao kati yetu wapo waliohamia katika nyumba zilizoachwa, yafaa tuisome yote. Sisi twaisikia tukiwa upande wa Edomu. Tena tuangalie: mtunzi yule hakwenda kulipiza kisasi kwa mkono wake. Hasira yake yote, hata ile ya kutisha, aliiweka mbele ya Mungu, akaiacha hapo. Sijui imani iliyo ngumu kuliko hiyo.

Ndiyo maana huwasomea wakatekumeni watu wazima zaburi hiyo bila kuruka mstari. Mara moja alikuwapo mwanamke aliyezaliwa Mwene-Ditu, baada ya wazazi wake kushuka katika mojawapo ya magari yale, naye amerudi huku kwa ndoa. Akauliza: “Baba mwalimu, je, Mungu aliwajibu?” Nilimsomea sura ya mwisho ya Maombolezo, inayomalizika watu wakiwa bado hawajui kama Mungu amewakataa kabisa. Aliniomba Biblia, akafungua sura ya kwanza, akaanza kusoma mwenyewe.