Mofini ya mwilini na vidonge vya mtandaoni

Hivi mnajua kwamba mwili hujitengenezea dawa yake ya maumivu? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, pale Aberdeen, Scotland, waliikuta kwenye ubongo wa nguruwe. Wakaiita enkefalini: vipande vifupi vya protini vinavyofanya kazi kama mofini.

Habari ingeishia kwenye maumivu kama si Ian Zagon na Patricia McLaughlin wa Marekani. Mwaka 1983 walichapisha utafiti wa panya waliopandikizwa chembe za saratani kisha wakapewa naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya enkefalini na mofini. Dozi ndogo, iliyoziba saa 4 hadi 6 tu kwa siku, ilifanya asilimia 33 tu ya panya waote uvimbe. Dozi kubwa, ya kuziba saa 24? Wote waliota, tena mapema kuliko wasiopewa kitu. Dawa ileile, jamani!

Maelezo yao ni kwamba mwili ukizibwa kwa muda mfupi huongeza enkefalini na vipokezi vyake. Dawa ikiisha nguvu, enkefalini hiyo hupunguza kasi ya chembe kugawanyika. Haiziui, inazichelewesha. Sisi waandishi ndipo tunapoharibu hapa: "kuchelewesha" ikifika kwenye kichwa cha habari inageuka "tiba". Kwa binadamu kuna majaribio madogo tu, yakiwemo ya saratani ya kongosho.

Naandika haya kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unaosifia naltreksoni umemfikia shangazi yangu, ambaye saratani yake ya matiti imeshaingia kwenye mifupa. Binamu keshaagiza vidonge. Ujumbe wenyewe ni mrefu kama gazeti, lakini hausemi popote kuwa naltreksoni huziba hata mofini ya hospitali, na shangazi anakunywa mofini ya maji kila baada ya saa nne. Akimeza hivyo vidonge, maumivu yanaweza kurudi yote, pamoja na kutapika, kuharisha na kutetemeka kwa mwili uliokwisha kuizoea mofini.

Nimempigia binamu mara mbili. Anasema waandishi tunapenda kuwakatisha watu tamaa. Sikubishana naye. Nimemwomba vidonge vikae kwake mpaka kliniki ya Alhamisi, daktari avione kwanza.